Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya wilayani kwetu: kinywa nacho ni njia ya hewa jamani

Kwa: Timu ya Usimamizi wa Afya ya Wilaya, pamoja na wenzenu wa ofisi ya elimu

YAH: KINYWA KUACHWA NJE YA MPANGO WA KUZUIA MAGONJWA YA NJIA YA HEWA

Waheshimiwa, shikamooni.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni tabibu wa meno kwenye kituo cha afya cha serikali, wilaya siitaji na kituo sikitaji, wenyewe mtajijua maana barua zangu mnazo kwenye faili. Nimeshapita njia zote za kawaida, nimepitia kwa mganga mfawidhi, nimepitia kwa mratibu wa meno, nimeongea kwenye kikao, nikatuma mpaka kwenye grupu la WhatsApp la watumishi ambako niliwekewa dole gumba afu mtu akaposti mchango wa harusi na mambo yakaishia hapo. Jibu siku zote ni lile lile, "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Basi leo naandika hadharani, kwa heshima zote na bila nia ya kumchafua mtu, ila wananchi nao wajue tunabishania kitu gani.

Tunachobishania ni hiki. Mpango wetu wa wilaya wa kujikinga na magonjwa ya mfumo wa hewa nimeusoma wote, mikono imo, pua imo, mapafu yamo, hata viatu vya plastiki vimo. Mdomo umetajwa kwenye kile kisentensi cha "ziba mdomo ukikohoa" basi. Kwenye kamati ya dharura yupo mtu wa maabara, yupo mfamasia, yupo afisa usafirishaji, mtu wa kinywa hayupo, na nilipouliza nikaambiwa "nyie kazi yenu meno". Ndo hapo nilipoona hatuelewani, na ndo maana naziweka hoja zangu kwa namba ili msiseme sijaeleweka.

1. Kirusi hakipiti tu mdomoni, kinazaliana humo humo

Wengi wetu hata tuliosomea tunachukulia kwamba kirusi kiko puani na mapafuni, mate yanakibeba tu kwa bahati mbaya pale mtu anapokohoa. Sasa Machi 2021 ulitoka utafiti kwenye jarida la Nature Medicine, wa watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani wakishirikiana na wa chuo kikuu cha North Carolina, walikikuta kirusi cha korona ndani ya tezi za mate zenyewe na kwenye utando laini wa ndani ya mdomo, na kilikuwa kinazaliana kule kule. Seli za sehemu hizo zina vile vipokezi vya ACE2 ambavyo kirusi kinavishika ili kiingie, na zina kimeng'enya cha TMPRSS2 kinachokirahisishia kazi. Wakachukua mate ya watu wanane wenye maambukizi lakini wasio na dalili hata moja, wakayaweka kwenye seli zenye afya maabara, mate ya wawili kati yao yakaziambukiza zile seli. Watu hawakohoi, hawapigi chafya, wako fresh kabisa, na mate yao yanaambukiza. Na kwa wale waliokuwa na dalili, waliokutwa na kirusi kwenye mate ndo walielekea zaidi kulalamika wamepotelewa na ladha na harufu, ile hali tuliyoiona wote kipindi kile mtu anawekewa wali nazi hasikii chochote.

Mtu mzima anatoa nusu lita mpaka lita moja na nusu ya mate kwa siku. Hesabu hiyo muifanye wenyewe.

2. Tunawafundisha watu kukohoa vizuri, kuhusu kuongea hatujawahi kuwaambia kitu

Hii ndo inaniuma kuliko zote kwa sababu haihitaji hata shilingi.

Mwaka 2020 taasisi hizo hizo za Marekani walimulika leza mbele ya mdomo wa mtu anaeongea, wakaona kuongea kwa sauti ya juu kunatoa maelfu ya vijitone vya mate kwa sekunde moja, na kwenye hewa iliyotulia ya chumba kilichofungwa vijitone vile vinaendelea kuelea dakika 8 mpaka 14. Wengine wawili, Abkarian na Stone, wao walipiga picha za kasi sana za midomo, wakaona mtu akitamka p au b midomo inashikana, ikiachana mate yanavutika nyuzi nyembamba, nyuzi zinakatika zinakuwa vitone, pumzi inavisukuma mbele. Sasa chukueni sentensi moja tu ya jukwaani, "poleni ndugu zangu, barabara itapita hapa, pembejeo zipo, bei zitapungua", mjihesabie p na b zilizomo humo, na aliekaa mstari wa mbele amefungua mdomo anashangilia.

Kuna kisa cha kwaya ya Mount Vernon, jimbo la Washington. Tarehe 10 Machi 2020 walifanya mazoezi kwa muda wa kama saa mbili na nusu, watu 61, mmoja wao ana vidalili vya mafua tu. Sanitaiza ilikuwepo mlangoni, hawakukumbatiana wala kupeana mikono kama walivyozoea, yani walifanya kila kitu kilichoandikwa kwenye mabango yetu. Waliougua korona ni 53 ukimjumlisha na yeye, 33 kwa kipimo na 20 kwa dalili, wawili wakafariki. Kuimba tu huko. Sasa nikiangalia kwaya zetu za Jumapili, na kaswida madrasa, na madarasa ya watoto mia wanaitikia "shikamoo mwalimu" kwa pumzi moja, na konda wa daladala anaeita vituo ndani ya gari iliyojaa madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, najiuliza ni nani alieamua kwamba kikohozi ndo kitu pekee cha kukiogopa.

Aprili 2024 hata Shirika la Afya Duniani wakaachana na ule ugomvi wa miaka mingi wa matone makubwa na matone madogo, wakasema chembe zinazotoka kwa kupumua, kuongea, kuimba, kutema mate, kukohoa au kupiga chafya ni jamii moja yenye saizi tofauti tofauti. Kuongea na kuimba vimeandikwa humo wazi wazi. Mabango yetu bado yana yule jamaa anaekohoa kwenye kiwiko, peke yake, tangu enzi hizo.

Na mnisamehe kwa hili lakini lazima niliseme. Kwenye uzinduzi wa kampeni yenu wenyewe mgeni rasmi alikuja amevaa barakoa safi kabisa, akakaa nayo kimya meza kuu, akaitwa kuongea akaishusha kidevuni "ili nisikike", akashika maiki ile ile waliyoishika wote waliomtangulia, akaisogeza mpaka inagusa midomo, akahutubia mpaka jua likahama, afu akamaliza akaipandisha barakoa akakaa kimya tena. Yani tumevaa wakati wa kunyamaza na tumevua wakati wa kurusha mate. Wote tukapiga makofi na mimi nikiwemo, ungefanyaje.

3. Chumba changu

Dirisha la chumba cha meno limepigiliwa misumari tangu siku kilipofungwa kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe kinazungusha hewa ile ile ya ndani, hakileti mpya, na sasa hivi hata kupooza hakipoozi. Mashine ya kusafishia meno inafanya kazi kwa mtetemo na maji, ukiigusisha kwenye jino inarusha maji, mate, damu na kila kilichokuwa kwenye fizi. Njooni saa kumi jioni jua likiwa linaingia kwa ubavu kwenye kile kioo, mtaona kabisa ukungu unapanda kutoka mdomoni kwa mgonjwa unakuja usawa wa uso wangu na wa msaidizi wangu, unasimama hapo hapo. Mgonjwa anatoka, anaefuata anaitwa, anakalia kiti hicho hicho anafungua mdomo. Mashine ya kufyonza mate ni mbovu, nimeijazia fomu ya matengenezo mpaka fomu zenyewe zimekuwa pambo.

Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri huduma za meno zisizo za dharura zisogezwe mbele pale maambukizi yanaposambaa kwenye jamii, kwa sababu hiyo hiyo ya ukungu. Kwa hiyo dunia nzima ilijua chumba cha meno ni hatari ya kwanza, ila kwenye mgao wa vifaa vya kujikinga tulikuwa wa mwisho, baada ya ofisi za utawala. Naomba kung'olewa misumari minne. Sijaomba jengo.

4. Wodini mdomo wa mgonjwa hauna mwenyewe

Hapa naomba msome taratibu.

Niliitwa wodini kumuangalia mzee aliekuwa analalamika jino. Alilazwa na nimonia, ilimuanza baada ya mafua makali, yuko kwenye oksijeni, analala mdomo wazi. Nikamulika tochi. Ulimi umekauka umepasuka katikati, kwenye paa la kinywa kuna utando wa kahawia umeganda, na meno bandia ya chini bado yamo, hakuna aliejua kama ni ya bandia, yamekaa humo tangu alipopokelewa na chini yake kuna mabaki ya chakula ambayo sitayaelezea. Binti yake amekaa pembeni na chupa ya uji, ananiambia "dokta niliogopa kumgusa mdomoni, nilijua manesi wanasafisha". Sista nae, na namuelewa kabisa manake yuko peke yake na wodi nzima, anasema mambo ya kuoga na kupiga mswaki ni ya ndugu. Na mimi kwa utaratibu wenu sina kazi wodini mpaka niitwe kung'oa. Nikavaa glavu, nikayatoa yale meno, nikalowesha gozi nikaanza kusugua taratibu, ule utando ukatoka kipande kizima. Mzee akafumba mdomo akameza mate, akaomba maji.

Sasa mtaniuliza hilo linahusiana vipi na virusi. Linahusiana sana. Kirusi cha mafua kinachubua utando wa njia ya hewa, na mgonjwa aliedhoofika akilala mate yanamteremkia mapafuni kidogo kidogo bila hata kukohoa, na mate yale yana bakteria wote aliokaa nao mdomoni bila kupigwa mswaki wiki nzima. Mafua ya 1918 yaliyoua watu kwa makumi ya milioni, watafiti walipokuja kuangalia upya vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa na ripoti za uchunguzi wa maiti, mwaka 2008 wakaandika kwamba wengi waliokufa inaelekea waliuliwa na nimonia ya bakteria wa kawaida tu wa kwenye njia ya juu ya hewa, wale wanaokaa na mtu siku zote, kirusi kiliwafungulia njia. Maabara za Japani nazo zimeonyesha baadhi ya bakteria wa mdomoni wanatoa kimeng'enya cha neuraminidase, ambacho ndo kile kile kirusi cha mafua kinakitumia kujinasua kwenye seli moja kiende kwenye nyingine, kwa hiyo mdomo mchafu unakisaidia kirusi kazi yake.

Na tiba yake ni mswaki. Japani hao hao, kwenye vituo 11 vya kulelea wazee, walifuatilia kwa miaka miwili wazee wanaosafishwa kinywa kila baada ya kula na wasiosafishwa, majibu yakatoka kwenye jarida la Lancet 1999, nimonia ilikuwa asilimia 19 kwa wasiosafishwa na 11 kwa waliosafishwa. Desemba 2023 wengine wakajumlisha majaribio 15 ya kupiga mswaki wagonjwa hospitalini, nimonia ya kuipatia hospitali ilipungua kwa karibu theluthi, hasa kwa walio kwenye mashine za kupumulia. Qatar nao wakati wa korona waliangalia wagonjwa 568, wenye ugonjwa wa fizi uliofika kwenye mfupa walielekea zaidi kuishia ICU au kufariki. Huo wa Qatar sisemi fizi ndo zilizowaua, wenye kisukari wana fizi mbovu na korona inawashika vibaya pia, watafiti walijitahidi kuliondoa hilo kwenye hesabu ila tuwe waangalifu. Ule wa mswaki ndo usio na ubishi mkubwa.

Mswaki ni buku. Dawa ya sindano ya nimonia ya siku tano mnajua wenyewe ni shilingi ngapi.

5. Shuleni

Hii naielekeza kwa wenzetu wa elimu, nanyi wa afya msijifiche nyuma yao. Shule ninazozitembelea kwa uchunguzi wa meno nyingi zina ndoo ya maji ya kunywa na kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa kamba, na darasa zima linapokezana. Filimbi ya michezo ni moja, mwalimu wa zamu anampa mwenzake. Afu matubwitubwi yakiingia tunashangaa mashavu ya darasa la tatu yote yamevimba. Matubwitubwi ni kirusi kinachokwenda kukaa kwenye tezi ya mate, ile chini ya sikio, na mtoto anaambukiza kwa mate yake siku kadhaa kabla hata shavu halijavimba, na chanjo yetu ya serikali ni ya surua na rubela, matubwitubwi haimo. Kwa hiyo hapo kikombe na umbali ndo kinga tuliyonayo.

Surua je? Surua inajionyesha mdomoni kabla ya vipele. Ni vidoti vidogo vyeupe kwenye ngozi ya ndani ya shavu, usawa wa magego, pembeni pana wekundu, vinatokea siku moja mbili kabla mtoto hajatoka vipele. Daktari mmoja wa watoto wa New York, Henry Koplik, aliviandika tangu 1896. Surua ni kirusi ambacho hewa ya chumba inabaki na hatari mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa nae tisa wanaipata, kwa hiyo kuigundua siku moja mapema sio jambo dogo. Anaefungua midomo ya watoto wa shule hizi kila muhula ni nani? Ni mimi na wenzangu. Fomu yangu ya ukaguzi ina sehemu ya meno yaliyotoboka, yaliyong'olewa na yaliyozibwa, hamna pa kuandika nimeona nini kwenye shavu, na hata nikiandika hamna wa kumpelekea.

6. Sampuli

Fupi. Watoto wanakimbia kijiti cha puani, wazee nao wanakikataa. Hong Kong mwanzoni kabisa mwa 2020 walikuwa wanapima korona kwa mate ya nyuma ya koo, wakaona kirusi kinakuwa kingi zaidi wiki ya kwanza ya dalili. Chuo kikuu cha Yale cha Marekani wakatengeneza kipimo cha mate kikaidhinishwa huko Agosti 2020. Mwishoni mwa 2021 watafiti wa Cape Town, sio mbali huko, wakaona ile aina ya korona iitwayo Omicron inaonekana vizuri zaidi kwenye kijiti cha mdomoni kuliko cha puani. Sisemi tuanze kesho. Nasema mkija kuandika mpango mpya wa sampuli muulizeni mtu wa kinywa.

Sasa najua mtakachosema, nimeshakisikia.

Mtasema virusi vinaingia puani. Ni kweli, na hapo siwapingi. Kuna majaribio ya zamani, yalitolewa 1981, watu wazima waliojitolea waliwekewa kirusi cha RSV, kile cha njia ya hewa kinachosumbua hasa watoto wachanga, wengine puani, wengine machoni, wengine mdomoni, pua na macho vikakubali vizuri, mdomoni kikashika kwa shida sana. Mafua ya kawaida ya rhinovirusi nayo ni hivo hivo, hata kubusiana hakuyaambukizi kirahisi kama watu wanavyodhani. Na korona pia pua ndo inaipokea sana. Lakini hoja yangu kubwa sio kuingia, ni kutoka. Mnalinda pua ya anaepokea, mdomo wa anaetoa mmeuacha, ni kuweka mlinzi geti kubwa na mlango wa uani uko wazi usiku kucha. Afu ulizeni ni nani anapumulia mdomo, ni huyo huyo mwenye mafua ambaye pua imeziba, hewa inaenda moja kwa moja bila kuchujwa wala kupashwa moto na pua.

Mtasema bajeti. Jamani, kung'oa misumari, kufungua madirisha, kumwambia mgeni rasmi asishushe barakoa, kuandika mstari mmoja kwenye fomu. Vinavyohitaji hela ni mswaki, gozi na kurekebisha mashine ya kufyonza, na mapato ya ndani ya kituo yanatosha kabisa tukipewa kibali cha kuyatumia. Kibali hicho ndo kimekaa mezani kwenu.

Mtasema korona imeisha. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura Mei 5, 2023, sawa, kirusi hakikupewa barua ya kuondoka. Na hata kingeondoka, mafua yapo, RSV ipo inalaza watoto wachanga kila mwaka, surua ipo. Mimi sijaandika barua ya korona.

Mtasema hakuna mwongozo kutoka juu. Kikombe cha shule kinahitaji mwongozo wa nani? Na kama mnataka kitu kutoka juu kabisa, Mei 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la afya ya kinywa, likitaka kinywa kiingizwe kwenye huduma za afya za kawaida kisiachwe kama kisiwa. Ndo ninachoomba.

Na kuna mmoja wenu, namheshimu sana, aliniambia nikilisukuma hili watu watakimbilia dawa za kusukutua, kila mtu atauza yake. Hilo ndo pingamizi la maana kuliko yote niliyoyasikia. Ni kweli dawa kama povidoni ayodini zinaua kirusi haraka kwenye chupa ya maabara, lakini mdomoni tezi zinaendelea kutoa mate mapya, ukimaliza kutema kirusi kinarudi. Kusukutua hakujathibitika kumkinga mtu asiambukizwe, na tulishaona 2020 watu walivyochoma makoo kwa malimau na tangawizi na maji ya moto. Kwa hiyo naliweka wazi hapa ili lisije likanigeukia, siombi dawa ya kusukutua, sina duka, na atakaekuja kuwauzia chupa kwa jina la barua hii mfukuzeni.

Ninachoomba ni hiki, na nakiandika kwa mpangilio wa urahisi. Dirisha la chumba cha meno lifunguliwe wiki hii, pamoja na madirisha ya chumba cha kusubiria ambako kuna lile kabati limeegeshwa. Zamu ya wodini iandikwe nani anasafisha kinywa cha mgonjwa asiyejiweza, asubuhi na jioni, jina liwepo kwenye chati kama linavyokuwepo kwenye dawa, nami niko tayari kuwafundisha manesi na ndugu wa wagonjwa bure kabisa, ni somo la nusu saa, na meno bandia yatolewe mgonjwa anapopokelewa, yaandikwe. Mgonjwa akija bila mswaki apewe. Mabango yajayo yaongezwe kuongea na kuimba, kwamba penye mlipuko watu waongee na kuimba nje au madirisha wazi, na mwenye maiki asivue barakoa. Shuleni kila mtoto aje na kikombe chake, hata cha kopo. Fomu ya uchunguzi wa meno iongezwe sehemu ya kuandika kilichoonekana kwenye mashavu na tezi, na iwepo namba ya simu ya mtu wa ufuatiliaji wa magonjwa ambayo inapokelewa. Mashine ya kufyonza mate itengenezwe. Na kwenye kamati ya dharura awekwe mtu mmoja wa kinywa, sio lazima niwe mimi, najua barua hii imeshanipunguzia bahati, mratibu wa meno anatosha na anajua haya yote kunizidi.

Kama kuna mahali nimekosea takwimu nisahihisheni hapa hapa hadharani, nitashukuru. Kama kuna mahali nimevuka mipaka ya adabu ya kazi mniite, nitakuja, ila naomba nikiitwa tuongelee pia hizo hoja sita na sio utaratibu wa barua peke yake.

Kikao cha robo mwaka kipo mwisho wa mwezi. Naomba hili liwe ajenda inayojitegemea, lisiwekwe kwenye mengineyo, manake kwenye mengineyo tunafika saa kumi na moja watu wameshaanza kuulizia posho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Tabibu wa meno, kituo cha afya (jina na cheki namba mnavyo)

Nakala: mganga mfawidhi wa kituo; mratibu wa afya ya kinywa na meno wa wilaya; kamati ya afya ya kata; wazazi na walezi wote wenye watoto shule za msingi za kata yetu; fundi wa kituo, aje na nyundo.